Kuandika Kijapani kwa Mawimbi ya Ubongo

Kiolesura cha ubongo na kompyuta ni mfumo unaopima umeme wa ubongo na kuugeuza kuwa amri za kompyuta bila kupitia misuli. Anayeutumia habonyezi kitufe, hasemi, wala hainui kidole. Kazi kubwa iliyotafutiwa mfumo huu tangu mwanzo ni kuandika, kwa kuwa wanaouhitaji zaidi ni watu wenye akili timamu ambao miili yao imewafungia kila njia ya kujieleza. Kwa Kiingereza, kuandika kwa njia hii ni kuchagua kati ya herufi 26 na alama chache. Kijapani huandikwa kwa aina tatu za maandishi ndani ya sentensi moja, na alama zake huhesabika kwa maelfu. Watafiti wa Japani walilazimika kurudi kwenye swali la msingi: mgonjwa achague nini, na vitu anavyochagua vipangwe vipi mbele yake?

Wengi wa wanaolengwa na utafiti huu nchini Japani ni wagonjwa wa ALS, ugonjwa unaoua taratibu seli za neva zinazoendesha misuli. Mikono na miguu hulegea, ulimi na koo hufuata, na mwishowe misuli ya kupumua. Kwa wagonjwa wengi akili hubaki, na kusikia na kuona pia. Mgonjwa akifika hatua ya kushindwa kupumua hulazimika kuamua: atobolewe koo na kuunganishwa na mashine ya kupumulia, au asifanyiwe hivyo. Japani ni miongoni mwa nchi ambako sehemu kubwa zaidi ya wagonjwa huchagua mashine, na wapo wanaoishi nayo kwa miaka mingi. Katika miaka hiyo ugonjwa hausimami. Misuli ya macho ndiyo huchelewa kuguswa, lakini kwa baadhi ya watu nayo hufika mahali ikakoma. Mtu huyo anasikia kila neno linalosemwa chumbani mwake, pamoja na yale yanayosemwa juu yake, na hana namna ya kujibu.

Umeme wa ubongo wa binadamu ulirekodiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1924 na daktari Hans Berger wa Jena, Ujerumani, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1929. Mwaka 1973 Jacques Vidal wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliandika makala iliyoupa utafiti wa kuunganisha ubongo na kompyuta jina unaloitwa hadi leo. Mfumo wa kuandika ambao wengine wengi waliuiga ulitoka Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1988, ukiwa kazi ya Lawrence Farwell na Emanuel Donchin.

Msingi wa mfumo huo ni tabia ya ubongo iliyoelezwa na Samuel Sutton na wenzake mwaka 1965. Mtu akiwa anangojea jambo fulani linalotokea mara chache katikati ya mengine, likitokea ubongo wake hutoa wimbi chanya la umeme takriban milisekunde 300 baadaye. Wimbi hilo huitwa P300. Farwell na Donchin walipanga herufi na amri chache katika jedwali la mistari sita na safu sita, jumla visanduku 36. Mistari na safu huwaka moja baada ya nyingine bila utaratibu unaotabirika. Mwandishi hukaza macho kwenye herufi anayoitaka na kuhesabu kimoyomoyo kila inapowaka. Mstari wenye herufi hiyo ukiwaka, wimbi la P300 hutokea. Safu yake ikiwaka, hutokea tena. Kompyuta hutafuta ni mstari upi na safu ipi vimeleta wimbi, na pale vinapokutana ndipo ilipo herufi.

Ugumu upo katika udogo wa wimbi lenyewe. Kwenye ngozi ya kichwa hupimwa kwa maikrovolti chache, yaani sehemu chache za milioni za volti moja, nalo limezama ndani ya mawimbi mengine ya ubongo yanayoweza kulizidi ukubwa. Kuwaka mara moja hakutoshi kwa kompyuta kuwa na uhakika. Jedwali lote huwashwa tena na tena, vipimo hujumlishwa na kutafutiwa wastani, mpaka kelele zisizofuata mpangilio zififie na wimbi linalorudi palepale lionekane. Katika jaribio la mwaka 1988, kazi hiyo yote ilizaa herufi 2.3 kwa dakika.

Mfumo huu, basi, hausomi mawazo. Mtu anaweza kuwaza juu ya mwanawe, deni au chakula, na mashine isijue lolote kati ya hayo. Inachojua ni kwamba sekunde ileile kisanduku fulani kilipowaka, ubongo ulishtuka kidogo. Mtu akiacha kutazama na kuhesabu, hakuna herufi inayotoka. Kwa hiyo kila kitu hutegemea jedwali: ukubwa wake, mpangilio wake, rangi zake, na kiasi cha kazi kinachoweza kuachiwa programu baada ya chaguo kufanyika. Hapo ndipo maandishi ya Kijapani yanapoingia na ugumu wake, na pia na msaada ambao wengi hawakuutarajia.

Kijapani hutumia hiragana na katakana, ambazo kwa pamoja huitwa kana, pamoja na kanji, alama zilizotoka China. Kila aina ya kana ina alama 46 za msingi. Hiragana hubeba viambishi na maneno ya kawaida. Katakana huandika zaidi maneno ya kigeni. Kanji hubeba mizizi ya maana. Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kila siku, iliyorekebishwa mwaka 2010, ina alama 2,136, na mwanafunzi wa shule ya msingi peke yake hufundishwa 1,026. Kama alama 2,136 zingepangwa katika jedwali moja la aina ya Illinois, lingehitaji mistari 46 na safu 47. Badala ya kuwaka mara 12 kwa kila mzunguko, jedwali lingewaka mara 93, huku kila alama ikiwa ndogo kama punje mbele ya macho yaliyochoka. Hakuna mgonjwa ambaye angeweza kuandika kwa namna hiyo.

Mashine za zamani zilijaribu njia hiyo ya moja kwa moja. Taipureta ya Kijapani iliyobuniwa na Kyota Sugimoto mwaka 1915 ilikuwa na sinia la vipande vya risasi takriban 2,400, na mpiga chapa alitafuta kila kipande mahali pake. Kazi hiyo ilihitaji mafunzo marefu na mikono yenye nguvu. Njia iliyoshinda ilikuwa nyingine, na ilifika mwaka 1978 Toshiba ilipotangaza JW-10, mashine ya kwanza ya kuchakata maneno ya Kijapani. Ilikuwa kubwa kama meza ya ofisi na bei yake ilikuwa yeni milioni 6.3. Kundi la Ken-ichi Mori lililoiunda lilimfanya mwandishi aandike kwa kana tu, kisha programu ikabadilisha kana kuwa kanji zinazofaa. Mwandishi akiandika kana mbili zinazosomeka hashi, programu huangalia maneno ya jirani na kupendekeza kanji ya daraja, ya vijiti vya kulia chakula au ya ukingo. Kompyuta na simu zote za Wajapani hufanya hivyo leo. Kwa hiyo ubongo wa mgonjwa haukuhitaji kamwe kuchagua kati ya alama 2,136. Ulihitaji kuchagua kana, kisha kuthibitisha pendekezo.

Kana zenyewe zimepangwa tangu karne nyingi katika jedwali liitwalo gojūon, maana yake sauti hamsini. Lina irabu tano, a, i, u, e, o, na safu kumi, ya kwanza ikiwa ya irabu zenyewe na zinazofuata za konsonanti: ka, ki, ku, ke, ko, sa, shi, su, se, so, na kuendelea. Msomaji wa Kiswahili hapati taabu kulielewa, kwa sababu kitabu cha kwanza cha kusoma alichokishika utotoni kilipangwa kwa namna hiyohiyo: ba, be, bi, bo, bu. Silabi za lugha zote mbili huishia kwa irabu mara nyingi, na irabu ni zilezile tano. Kila Mjapani aliyesoma shule analijua jedwali hili kwa moyo. Mgonjwa hahitaji kufundishwa mahali ilipo kana anayoitaka. Jicho lake huenda lenyewe.

Faida ya pili ni uchache wa chaguo. Neno la kushukuru, arigatō, huchapwa kwa herufi nane za Kilatini kwenye kibodi ya kawaida ya kompyuta. Kwa kana ni alama tano, na moja ya ziada kwa sababu sauti ga huandikwa kwa alama ya ka iliyoongezewa vistari viwili, ambavyo katika majedwali mengi vina kisanduku chao. Chaguo sita badala ya nane. Kwa mwendo wa herufi 2.3 kwa dakika, tofauti hiyo ni karibu dakika nzima ndani ya neno moja. Ombi ambalo wauguzi wa wagonjwa wenye mashine ya kupumulia hulisikia kila siku, la kufyonzwa makohozi, linaweza kupelekwa kwa neno tan, kana mbili tu. Kwa mtu ambaye koo lake limeziba, ufupi huo ni jambo la uhai.

Jedwali hilo lilikuwa likitumika kando ya vitanda vya wagonjwa kabla elektrodi yoyote, kipande cha kupimia umeme wa ubongo, haijafika huko. Wahudumu wa Japani hutumia ubao wa plastiki ya kuonea ng'ambo ulioandikwa kana zote. Mhudumu huushika kati ya uso wake na uso wa mgonjwa. Mgonjwa hutazama kana anayoitaka, na mhudumu huusogeza ubao mpaka macho yao yakutane kupitia kana hiyo. Kuna njia nyingine isiyohitaji hata ubao. Mgonjwa huonyesha irabu kwa umbo la mdomo wake, kisha mhudumu hutaja safu kwa sauti, a, ka, sa, ta, na mgonjwa hupepesa jicho safu yake inapotajwa. Mashine nazo zilifuata mkondo huo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Hitachi ilitoa Den-no-Shin, kompyuta ambayo kiashiria chake hupita juu ya jedwali la kana na mgonjwa hukisimamisha kwa swichi moja, inayoweza kuwekwa kwenye msuli wowote ambao bado unatikisika. Lazima isemwe wazi kwamba msuli mmoja unaotii ukiwepo, swichi na ubao huo wa plastiki mara nyingi hushinda mawimbi ya ubongo kwa kasi, kwa bei na kwa wepesi. Kiolesura cha ubongo kina kazi pale msuli huo unapokosekana au unapochoka.

Utafiti wa kuandika kana kwa P300 ulikua hasa katika Kituo cha Taifa cha Utengamao wa Watu wenye Ulemavu kilichopo Tokorozawa, mkoa wa Saitama, katika kundi la Kenji Kansaku. Moja ya michango yao ya mwanzo ilihusu rangi, na ina historia ya huzuni nyuma yake. Jioni ya tarehe 16 Desemba 1997, katuni ya televisheni ya Pokémon ilionyesha taa nyekundu na za buluu zikimetameta kwa kasi, na watoto zaidi ya 600 walikimbizwa hospitali nchini Japani, wengi wakiwa na dalili za degedege. Tangu hapo uchunguzi wa taa zinazochochea kifafa uliongezeka, na baadaye ikaonekana kuwa mmeto wa kijani na buluu una hatari ndogo kuliko mchanganyiko mwingine wa rangi. Mfumo wa P300 ni jedwali linalometameta mbele ya mgonjwa kwa muda mrefu. Mwaka 2009 Kouji Takano, Kansaku na wenzao walilinganisha jedwali la kijani na buluu na lile la kawaida la nyeupe na kijivu. Jedwali la kijani na buluu liliongeza usahihi wa uandishi, na watumiaji waliliona la kustarehesha zaidi. Mabadiliko ya rangi, yasiyogharimu chochote, yalifanya kazi ambayo wengine walikuwa wakiitafutia hesabu ngumu.

Usahihi una uzito usioonekana haraka. Kana moja ikikosewa, mwandishi hulipa mara mbili: huchagua alama ya kufuta, kisha huchagua upya kana yenyewe, na hata ile alama ya kufuta inaweza kukosewa. Kwa mfumo unaopatia mara 80 katika 100, kila chaguo 100 huleta maendeleo halisi ya kana 60 tu. Kwa usahihi wa asilimia 70, ambao watafiti wengi huuchukua kuwa kiwango cha chini cha mawasiliano yenye manufaa, maendeleo hubaki kana 40. Ukishuka hadi asilimia 50, sentensi haiishi milele: kila hatua ya mbele hulipwa kwa hatua ya nyuma. Kwa sababu hiyo mfumo wa polepole unaopatia humfaa mgonjwa kuliko wa haraka unaokosea.

Wagonjwa wa ALS hukosea zaidi kuliko watu wenye afya wanaojitolea maabara, na sababu moja ni msongamano. Jedwali la kana, pamoja na alama zake za ziada, namba na amri, ni kubwa kuliko lile la visanduku 36. Visanduku vya jirani vinapowaka, huuvuta umakini wa macho na kuzaa wimbi pasipotakiwa. Kundi la Tokorozawa, Shiro Ikegami akiongoza utafiti uliochapishwa mwaka 2014, lilijibu kwa kuandika kwa hatua mbili. Kwanza mgonjwa huchagua eneo lenye kana chache. Kisha kana hizo peke yake hutandazwa kwenye skrini kwa ukubwa, naye huchagua moja. Wagonjwa waliotumia mpango huo walikosea mara chache zaidi kuliko walipotumia jedwali la mistari na safu. Ukitazama kwa makini, ni mpango uleule wa mhudumu anayetaja safu kwanza na kana baadaye.

Maisha ya nyumbani huongeza vikwazo ambavyo havipo maabara. Elektrodi za kawaida huhitaji jeli ili zishike vizuri kwenye ngozi ya kichwa, kwa hiyo nywele hulazimika kuoshwa kila baada ya kazi, jambo zito kwa mtu asiyeweza kuinuliwa bila watu wawili. Mashine ya kupumulia, godoro la umeme na pampu ya kufyonzea makohozi vyote hutoa kelele za umeme kwenye vipimo. Hata gridi ya taifa ina neno lake: mashariki ya Japani, Tokyo ikiwemo, umeme hutembea kwa Hezi 50, na magharibi, Osaka ikiwemo, kwa Hezi 60. Kichujio kilichowekwa kwa ajili ya mji mmoja hakifai katika mji mwingine bila kurekebishwa. Na mgonjwa asiyeweza kupepesa hukaukiwa macho, kwa hiyo hawezi kukodolea jedwali kwa saa nzima hata akitaka.

Wapo walioamua kuacha kana kabisa. Mwaka 2010 Ryohei Hasegawa wa taasisi ya utafiti ya AIST, Tsukuba, alitangaza mfumo ulioitwa Neurocommunicator. Mgonjwa huonyeshwa picha nane na kuchagua moja. Chaguo hilo hufungua nane nyingine, kisha nane tena. Hatua tatu huzaa ujumbe 512 tofauti, kama vile kuomba kinywaji, kugeuzwa upande au kusema mahali panapouma. Ni njia ya haraka kwa mahitaji ya mwili. Lakini ujumbe wote umekwisha andikwa na mtu mwingine. Anayetaka kumkemea mwanawe, kukataa matibabu au kusimulia ndoto yake hulazimika kurudi kwenye kana, na hiyo ndiyo hoja kubwa ya kuendelea kuhangaika na jedwali licha ya uzito wake.

Njia nyingine ya kutumia macho haitegemei P300. Kila kisanduku humeta kwa kasi yake, na eneo la kuona lililoko kisogoni hufuata kasi ya kile kinachotazamwa. Mwaka 2015 Xiaogang Chen, Masaki Nakanishi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, China, na Chuo Kikuu cha California, San Diego, walieleza mfumo wa visanduku 40 vilivyometa kwa kasi kati ya Hezi 8 na Hezi 15.8, vikipishana kwa Hezi 0.2 tu. Kila chaguo lilichukua takriban sekunde moja, yaani hadi alama 60 kwa dakika. Visanduku 40 vinakaribia kana 46, kwa hiyo mbinu hii inahamishika kwenda Kijapani bila shida kubwa. Kasoro yake ni kwamba waliojaribiwa walikuwa watu wenye afya na macho yanayotembea. Mwenye macho ya namna hiyo anaweza pia kutumia kamera inayofuata mboni, ambayo ni rahisi zaidi kuvaa na kutunza.

Jedwali la P300 nalo halina kinga dhidi ya kasoro hiyo. Majaribio yameonyesha kuwa usahihi wake hushuka sana mtu asipoweza kuelekeza macho kwenye alama yenyewe. Kwa aliyepoteza hata macho, hubaki masikio na ngozi. Katika Chuo Kikuu cha Tsukuba, kundi la Tomasz Rutkowski, akiwemo Moonjeong Chang, lilijaribu kana kwa sauti zinazotoka pande mbalimbali za msikilizaji. Hapa pia kazi iligawanywa hatua mbili, kwa sababu sikio haliwezi kutenganisha sauti 46 kwa pamoja. Njia ya masikio ni ya polepole na huchosha, lakini ni miongoni mwa chache zinazowaelekea watu ambao majedwali yote yaliyotangulia yamewaacha nje.

Elektrodi zikiwekwa ndani ya fuvu, hesabu hubadilika. Katika Chuo Kikuu cha Osaka, kundi la Toshiki Yoshimine na Masayuki Hirata limefanya kazi kwa miaka mingi na vitandazo vyembamba vya elektrodi vinavyolazwa juu ya ubongo, pamoja na kifaa cha kupeleka mawimbi nje bila waya. Huko Marekani, mwaka 2021 Francis Willett na wenzake wa Stanford walieleza mtu aliyepooza mikono akiwaza anaandika kwa kalamu, naye akafikisha herufi 90 kwa dakika kwa usahihi wa asilimia 94.1. Vipande viwili vyenye sindano ndogondogo vilikuwa vimepandikizwa katika eneo la ubongo linaloongoza mkono. Siri ya kasi hiyo ni kwamba herufi zenye mikunjo hutoa mifuatano ya mawimbi isiyofanana, hivyo kompyuta hutofautisha upesi. Hiragana zilizaliwa kutokana na kanji zilizoandikwa kwa haraka kwa brashi, na zimejaa mikunjo ya namna hiyo. Kwa hoja hiyo zinaelekea kufaa mbinu ya Stanford vizuri, tena kuliko herufi nyingi za Kilatini. Kanji ni suala jingine, kwa kuwa kila alama ingehitaji kufundishwa kwa kompyuta mara kadhaa, na hakuna mgonjwa wa kuombwa aandike alama 2,136 kimawazo tena na tena.

Upasuaji una gharama zake: maambukizo, kovu linalozunguka sindano, na mawimbi yanayofifia kadiri miaka inavyopita. Wala haufuti tofauti kati ya mtu na mtu. Mwaka 2022 Ujwal Chaudhary, Niels Birbaumer na wenzao walieleza mgonjwa wa ALS nchini Ujerumani aliyekuwa amepoteza kila msuli, macho yakiwemo. Kwa kupandisha na kushusha sauti aliyosikia kutoka kwenye mashine, aliunda sentensi kwa takriban herufi moja kwa dakika. Alitumia herufi hizo kuomba mahitaji yake ya kila siku na kuzungumza na mtoto wake. Kasi ya namna hiyo ingeonekana si kitu katika mashindano ya maabara, lakini kwake ilikuwa tofauti kati ya kuwa na usemi na kutokuwa nao.

Maana ya usemi huo kwa Japani ilionekana hadharani mwezi Julai 2019, pale Yasuhiko Funago, mgonjwa wa ALS anayetumia mashine ya kupumulia, alipochaguliwa kuingia Baraza la Juu la Bunge. Aliwasiliana kwa ubao wa kana akisaidiwa na wahudumu, na kwa kompyuta aliyoiendesha kwa msuli mdogo uliobaki. Ukumbi wa Bunge ulirekebishwa na taratibu zikabadilishwa ili ashiriki. Hakutumia mawimbi ya ubongo, na hilo ni la muhimu kulisema: kilichompeleka bungeni ni jedwali la kana na watu waliokuwa tayari kungoja. Mgonjwa anayepima kama akubali mashine ya kupumulia au la hupima pia kama atabaki na neno la kusema, na jibu la swali hilo hutegemea wahudumu na mpangilio wa silabi kabla ya kutegemea elektrodi.

Kiswahili kinaweza kufuata njia ya kana bila kungoja maabara. Silabi zake nyingi ni konsonanti na irabu, na kuuliza irabu kwanza, kisha konsonanti, hupunguza chaguo zaidi ya mia moja hadi maswali mafupi mawili ambayo jicho moja linaweza kuyajibu kwa kupepesa. Familia inayomtunza mtu asiyeweza kusema wala kuandika, ambaye akili yake ni timamu, itafute kipande cha plastiki ya kuonea ng'ambo, iandike a, e, i, o, u juu na konsonanti pembeni, iongeze maneno ya dharura kama maji, maumivu na nigeuze, kisha ikubaliane naye ishara ya ndiyo na ya hapana. Ianze mapema, wakati bado anaweza kujifunza pamoja nayo.